Kitunguu siyo ndugu wa lili, na ushahidi uko kwenye mbegu

Nilishawahi kuharibu gauni la bibi harusi kwa unga wa ua, na siongezi chumvi hapa. Nilikuwa napamba ukumbi, shada la mkononi nikalifunga mwenyewe kwa lili nyeupe, zile kubwa zinazonukia mpaka getini, alafu kwa haraka zangu nikasahau kunyofoa vile vichwa vya rangi ya chungwa vinavyokaa katikati ya ua. Bibi harusi akalikumbatia shada kwa ajili ya picha, kuja kutazama kifuani kuna mchirizi utadhani kamwagiwa bizari. Shangazi yake akaja mbio na kitambaa chenye maji, nikapiga kelele "shangazi usisugue!", wapi, keshasugua. Ule unga una mafuta mafuta, maji na kusugua vinauzamisha tu ndani ya kitambaa, dawa yake ni selotepu, unabandika na kubandua taratibu. Toka siku hiyo nikiletewa lili kitu cha kwanza ni kukata vile vichwa kabla havijapasuka.

Ila ukivikata unakuwa umelinyima ua kazi yake. Kile kichwa kinaitwa chavulio, na kimeshikwa na kijiti chake mgongoni katikati, siyo kwenye ncha, kwa hiyo kinacheza kama mizani ya dukani, ukikigusa kidogo tu kinapinduka na kukupaka chavua. Yale mafuta ndiyo gundi. Kwa lili nyeupe zenye harufu nzito anayetegemewa ni nondo wa usiku, anafuata harufu, ananing'inia hewani ameingiza ulimi chini kwenye nekta, huku mwili na mabawa yanapakwa unga ambao ataupeleka ua la pili. Gauni lilipata kile kile anachopata nondo. Sasa ukihesabu, vichavulio vipo 6 na vipande vya ua vipo 6 (3 vya nje na 3 vya ndani, vimefanana mpaka huwezi kusema kipi petali kipi sepali), na hiyo 6 naomba uishike, maana ndiyo iliyoleta fujo yote ninayotaka kuizungumza.

Mteja akinipigia akasema anataka lili nyeupe mimi lazima niulize ipi. Kuna anayemaanisha lile ua kama faneli, lina mkunjo mmoja mweupe na kijiti cha njano katikati, wenyewe wanaliita kala au aramu. Lile siyo lili hata kidogo, ni familia moja na magimbi. Ule mkunjo mweupe ni jani lililojibadilisha, maua yenyewe ni yale madogo madogo yaliyobanana kwenye kijiti. Kuna anayemaanisha lile la kwenye chungu la ofisini, "pis lili", nalo ni magimbi yale yale. Kuna waliowahi kuniomba niwawekee lili za maji kwenye beseni la kioo, na hizo ndiyo kabisaa, maana yungiyungi alijitenga na mimea mingine ya maua mapema mno, kabla hata mimea aina ya mahindi na mimea aina ya mwembe haijaachana. Maana yake ni kwamba lili ya kwenye shada lako iko karibu na mwembe wa nyuma ya nyumba kuliko ilivyo karibu na lili ya maji. Alafu kuna alstromeria, lile ua la bei nafuu lenye madoa doa ambalo Kenya wanalima na kuuza nje, mteja analiona la kujazia tu, hakuna anayeliita lili mwanawane, kumbe kati ya hawa wote ndiyo ndugu halisi, wako oda moja (oda ni kundi kubwa linalobeba familia zenye ukaribu). Siku ukilishika angalia majani yake, shingo ya jani imejisokota nusu mzunguko kiasi kwamba upande wa chini ndiyo unaangalia juu. Majani yote. Sijui alikuwa anamkwepa nani.

Sasa hayo ni majina ya sokoni na majina ya sokoni hayana kesi, watu wanaita wanavyotaka. Kesi yangu ni kwamba wanasayansi wenyewe walifanya hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 200, na wengi wetu tulimezeshwa hiyo hesabu shuleni na bado tunairudia. Mimi mwalimu wangu aliniambia kitunguu ni Liliaceae, yaani familia ya lili, nikaandika, nikapata vema. Ukiingia saivi kwenye kurasa za dawa za asili utakuta mtu ameandika kwa kujiamini kabisa kwamba mshubiri ni wa familia ya lili. Sio kosa lake, ndivyo ilivyoandikwa. Ila mimi naona kuvunjwa kwa hiyo familia ni moja ya kazi safi zaidi ambazo botania imewahi kufanya, na wanaolalamika kwamba "wazungu wanabadilisha majina tu kutuchanganya" hawajaangalia kilichokuwa ndani ya lile kapu.

Lilianzaje. Mwaka 1753 Mswidi Carl Linnaeus alipanga mimea yote aliyoijua kwa kuhesabu viungo vya uzazi ndani ya ua, stameni ngapi (za kiume, zile zenye chavulio), pistili ngapi (za kike). Mimea yenye stameni 6 na pistili 1 ikaingia chumba kimoja. Rahisi, hata mtoto anaweza, na ndiyo uzuri wake, ila ni sawa na kupanga watu ukumbini kwa namba ya viatu. Mwaka 1789 Mfaransa Antoine Laurent de Jussieu akaja na familia zenye mantiki zaidi na yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Liliaceae. Baada ya hapo kila mmea wa monokotiledoni (wale ambao mbegu inaota na jani moja, kama mahindi) wenye vipande 6 vinavyofanana, stameni 6, na ovari, yaani kifuko cha mbegu, ya vyumba 3 iliyokaa juu ya vipande vya ua, ulitupiwa humo. Kwenye mfumo wa Bentham na Hooker, ambao Waingereza waliutumia kwao na kwenye makoloni yao, familia hii ilikuwa na lili, tulipu, kitunguu, kitunguu saumu, mshubiri, asparagasi na hata masale yale ya Wachaga. Mkonge ukakosa nafasi kwa sababu ovari yake iko chini ya vipande vya ua, ukapelekwa kapu la jirani. Yaani masale na mkonge, ambao ni ndugu kweli kweli, wakatenganishwa kwa sababu ya ovari kukaa juu au chini, alafu masale na tulipu ambao hawajuani wakalazwa kitanda kimoja. Mpaka mwaka 1981 Mmarekani Arthur Cronquist, mtu mkubwa sana kwenye fani, bado alikuwa na Liliaceae yenye karibu spishi 4,000, na ovari juu au chini yeye hakujali tena, aliwachanganya wote.

Tatizo la hesabu ya 6 ni kwamba hiyo ni sura ya babu wa mbali. Ukoo mkubwa wa monokotiledoni ulikuwa na ua la hesabu ya tatu tatu toka zamani sana, kwa hiyo kulikuta kwenye mimea miwili hakukuambii kwamba hiyo miwili ina ukaribu wowote wa pekee. Mimi na wewe wote tuna vidole vitano kila mkono, mjusi naye pia, hatuendi mahakamani kudai mirathi ya mjusi.

Twende kwenye kitunguu maana hapa ndipo raha ilipo. Nilikuwa na ndoo jikoni nje, kitunguu kimoja kilioza nusu nikakifukia humo kwa uvivu, kikaota, kikapandisha ule mrija mrefu mtupu wenye uwazi ndani, hauna jani hata moja, juu yake kichwa kilichofunikwa na ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara. Ngozi ikapasuka, ndani mamia ya vinyota vyeupe vyenye mstari wa kijani. Chukua kimoja, weka kwenye kiganja, tumia miwani ya bibi kama huna lenzi: vipande 6, stameni 6, katikati kiovari cha vyumba 3, kimekaa juu. Lili kabisa, lili ya kichawi iliyofinywa. Kama ningeishi mwaka 1789 na mimi ningemweka huko huko, sitaki kujifanya mjanja.

Ila tazama shina. Mrija mtupu, kichwa kimoja, ngozi iliyokizunguka kabla hakijafunguka. Sasa kumbuka lile ua jekundu la duara kama brashi ya chupa linaloibuka mvua zikianza, chini ya miti, wengine wanaliita ua la fataki, jina lake la kitaalamu Scadoxus. Shina tupu, kichwa kimoja, ngozi. Yale maua meupe makubwa ya Krinamu yanayoota kwenye mbuga zenye maji, hivyo hivyo. Mwingereza John Hutchinson aliliona hilo mwaka 1934 akahamisha kitunguu akakipeleka kwa hao, kwenye familia ya Amaryllidaceae, kwa hoja kwamba mpangilio wa kichwa cha maua una uzito kuliko ovari kukaa juu au chini. Wengi hawakumfuata. Miaka zaidi ya 70 baadaye DNA ikampa haki kwenye hilo, ingawa sehemu nyingine za mfumo wake zilianguka.

Alafu tazama mbegu. Mkulima wa Mang'ola au Ruaha Mbuyuni hahitaji kufundishwa, mbegu ya kitunguu ni nyeusi tii, imekunjamana kama kipande cha mkaa. Ule weusi ni ganda gumu la kitu kinachoitwa fitomelani. Mwaka 1969 Mjerumani Herbert Huber alikaa akachunguza mbegu za hawa wanaoitwa ndugu wa lili mmoja mmoja, akakuta wanagawanyika mafungu mawili: upande mmoja mbegu za ganda jeusi kama kitunguu, upande wa pili mbegu za kahawia zisizo na huo weusi. Ukipasua tunda kavu la lili unakuta vijibati vyembamba vya kahawia vimepangwa juu ya kila mmoja kama shilingi kwenye kibubu, mistari 6, vinasubiri upepo. Hakuna weusi. Mkonge mbegu zake? Nyeusi. Siyo wote wa upande ule wanao mpaka leo, waliogeukia matunda ya nyama wengi wameipoteza, lakini yule wa upande wa lili hana. Nekta nayo ikaja kusema hivyo hivyo, lili anaitoa kwenye tako la vipande vya ua, kitunguu na wenzake wengi wanaitoa kwenye ukuta wa ovari yenyewe. Mwaka 1985 Rolf Dahlgren na wenzake wawili wakachukua hayo yote, mbegu, nekta, kemikali, wakalipasua kapu vipande vipande kwenye kitabu kizima. Na hapo bado hakuna DNA. Hili huwa nalisisitiza kwa sababu watu wanadhani mashine ilikuja ikawaambia wataalamu kitu ambacho macho hayakuona. Macho yaliona! Hayakuaminiwa tu.

DNA ilikuja kwa kishindo mwaka 1993, kundi la watafiti zaidi ya 40 wakiongozwa na Mark Chase wakalinganisha jeni moja ya usanisinuru kutoka kwenye mimea 499. Mwaka 1998 ukatoka mfumo wa pamoja wa kupanga mimea ya maua kwa DNA, unaoitwa APG, ukarekebishwa 2003, 2009 na 2016. Matokeo yake kwa kitunguu ni ya kukaa chini. Oda ya lili ilichepuka mapema, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na oda ya kitunguu ikabaki upande mmoja na nyasi, minazi na migomba. Rudia kusoma hapo. Kitunguu kiko karibu na mhindi, mnazi na mgomba kuliko kilivyo karibu na lili. Binadamu na panya hawajaachana miaka milioni 100, na hakuna anayetuweka familia moja na panya, ingawa wapo wanaostahili.

Kilichobaki kwenye Liliaceae saivi ni jenasi kama 15 na spishi mia sita na kitu hadi mia saba. Lili zenyewe, tulipu, fritilaria, gagea, kalokotasi ya Marekani na wachache wengine. Karibu wote ni wa nusu ya kaskazini ya dunia, sehemu za baridi na majira. Lili ya porini Afrika hakuna, hata moja, jenasi nzima ya spishi kama 110 imejigawa Asia, Ulaya na Marekani Kaskazini. Lile jeupe la Pasaka linatoka visiwa vya kusini mwa Japani. Afrika Kusini wana lili ya kutoka Taiwani inayojiotea barabarani lakini hiyo ni mgeni aliyekataa kuondoka.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni jinsi hii familia ndogo iliyobaki ilivyopata sura zake. Thomas Givnish na Tom Patterson walitoa kazi mwaka 2002 ambayo mimi naiona ni mfano bora kuliko mingi inayofundishwa kuhusu mageuko. Waliweka ukoo wa lili kwenye mti wa DNA, alafu juu ya mti wakapanga nani anaishi wapi. Wale wa sakafu ya msitu, kwenye kivuli, wana matunda ya nyama, majani mapana yenye mishipa ya wavu kama ya maharage, maua madogo yasiyo na makuu, na chini wana shina linalotambaa. Wale wa uwazini, milimani na nyikani, wana matunda makavu yanayopasuka, majani membamba yenye mishipa iliyonyooka, maua makubwa ya kujionyesha, na chini wana tunguu. Kifurushi kizima kinahama pamoja, na kimehama mara kadhaa kwa nyakati tofauti kwenye matawi tofauti.

Na kila kitu kina sababu yake ya mtaani kabisa. Msituni hakuna upepo, mbegu bapa ya kupeperuka ingedondoka pale pale chini ya mama, kwa hiyo bora tunda la nyama ndege ale apeleke mbele. Jani kwenye kivuli linatakiwa pana na lisilo nene likinge mwanga kidogo uliopo, na jani pana lisilo nene bila wavu wa mishipa linalegea. Nje kwenye jua mambo yanageuka, upepo upo, mwanga upo, ila kuna miezi ya baridi kali au ukame ambayo lazima ujifiche chini na akiba yako. Tunguu ndiyo benki. Lili limefungua akaunti yake tofauti na kitunguu pia: tunguu la lili halina ganda la nje, ni magamba manene yaliyobanana kama tunda la msonobari, ukibandua gamba moja ukalifukia kwenye mchanga wenye unyevu linatoa matunguu madogo kwenye kovu lake, ndivyo wakulima wanavyoyazidisha. Kitunguu kimevaa makoti kamili moja ndani ya lingine. Wote wamefika kwenye wazo moja kwa njia mbili, na sisi tukaona mawazo yamefanana tukasema ni ndugu. Ndiyo maana kapu lilijaa. Kapu lilikuwa linakusanya mimea yenye shida zinazofanana.

Kuna jambo la ndani zaidi pia, la kwenye kiini cha seli. Lili ana DNA nyingi mpaka inakera, zaidi ya mara 10 ya binadamu, na fritilaria wengine wanazidi hapo. Rekodi ilikuwa kwa jamaa yao wa oda hiyo hiyo, Paris japonica wa Japani (zamani naye alikuwa humo kapuni), aliyepimwa mwaka 2010 akakutwa na herufi bilioni 149, mara 50 ya zangu na zako, mpaka 2024 ambapo mmea mmoja jamii ya kangaga wa Kaledonia Mpya ukampita, wenyewe una herufi bilioni 160. Na siyo kwamba lili ana akili kutuzidi. Sehemu kubwa ni vipande vinavyojinakili vyenyewe, vinajibandika huku na kule, na hawa jamaa wako wazito kuvifuta. Ni kama mtu ambaye hajawahi kufuta picha ya "habari za asubuhi" kwenye simu toka anunue.

Ule uzito una faida moja kwetu. Kromosomu za lili ni kubwa, zinaonekana vizuri kwa hadubini za kawaida, kwa hiyo maabara nyingi duniani wamefundishiwa mgawanyiko wa seli kwenye chavulio cha lili. Na mwaka 1898 Sergei Navashin, mjini Kyiv, akichunguza lili la martagoni na fritilaria, aliona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: mrija wa chavua ukifika unaleta mbegu za kiume 2, moja inaungana na yai kuwa mtoto, ya pili inaenda kuungana na viini vingine pembeni kutengeneza chakula cha mtoto. Utungishaji mara mbili. Hicho chakula ndicho unga wa ugali wako na ndicho mchele, kwa hiyo chakula chetu kikuu kilikuja kueleweka kupitia ua la lili. Kichekesho ni kwamba lili lenyewe kwenye hili ni la ajabu, chakula cha mtoto wake kina seti 5 za kromosomu wakati mahindi yana 3. Yaani walijifunza kanuni kwa mwanafunzi mtundu kuliko wote darasani.

Na mageuko yao hayajaisha, usidhani ni habari za kale. Kule Uchina milimani kuna fritilaria moja, delavayi, tunguu lake ni dawa ya kikohozi toka karne nyingi. Ili upate kilo moja ya tunguu kavu unachimba zaidi ya mimea 3,500, kwa hiyo bei iko juu na wachimbaji wako macho. Mwaka 2020 watafiti wakaonyesha kwamba sehemu ambazo watu wanachimba sana, ile mimea imekuwa na rangi ya kijivu na kahawia kama mawe inayoota katikati yake, na sehemu zisizofikika imebaki kijani kibichi. Walioonekana walichimbwa, wasioonekana wakazaa. Binadamu ametengeneza komando bila kujua.

Turudi kwenye malalamiko, maana nisiwe mtu wa kushangilia tu. Wanaosema majina mapya yanasumbua wana sehemu ya haki. Familia mpya ya Asparagaceae ndiyo imebeba asparagasi, mkonge na masale, na hebu niambie ni nani anaweza kuwatazama hawa watatu akasema anaona familia. Hakuna alama moja ya macho unayoweza kumpa mwanafunzi. Mwaka 2009 wataalamu walikuwa na familia ndogo ndogo nyingi pale, wakaamua kuziunganisha ili orodha isiwe ndefu, na hilo ni suala la urahisi, wangeweza kuamua vingine na DNA isingewalaumu. Hapo nawapinga kidogo. Amaryllidaceae nayo vile vile, ina kitunguu tunachokula kila siku na ina Scadoxus na Krinamu wenye sumu, kwa hiyo ukisikia "familia ya kitunguu" usikimbilie sufuria, tofauti iko kwenye familia ndogo ndani yake.

Ila linganisha na hali ya zamani. Kuna lile ua la moto, Gloriosa, linalopanda kwenye vichaka kwetu, vipande vyake vimejipindua juu kama moto wa kuni, nyekundu na njano, na ncha ya jani inajikunja kuwa mkono wa kushikia. Kiazi chake kinafanana na viazi vya kuliwa na kimeua watu India na Sri Lanka, sumu yake inaitwa kolchisini. Kolchisini ni dawa ya jongo kwa kipimo kidogo sana, na wazalishaji wa mbegu wanaitumia kuongeza seti za kromosomu, ila ukizidisha inasimamisha mgawanyiko wa seli mwilini na hakuna wa kukuokoa kirahisi. Sasa mmea mwingine unaojulikana kwa sumu hiyo hiyo ni kolchikamu wa Ulaya. Kwenye kapu la zamani Gloriosa, kolchikamu na kitunguu saumu wote waliandikwa Liliaceae, lebo moja, haikuambii chochote. Kwenye mpangilio mpya hao wawili wana familia yao, Colchicaceae, na ukikutana na mwanafamilia mwingine humo unajua mapema wa kumshuku ni yupi. Jina la familia likikuonya kuhusu sumu kabla hujaonja, hiyo ni kazi, na kapu halikuwahi kuifanya.

Kuhusu Kiswahili chetu, naomba tukubaliane jambo dogo. Yungiyungi abaki wa maji, ndiye mwenye jina. Biblia ya zamani kwenye Wimbo Ulio Bora iliweka "nyinyoro ya mabondeni", tafsiri mpya zikaweka yungiyungi, na mimi hapo nasimama na wazee, nyinyoro angalau anaota kwenye udongo na ana tunguu. Hili la kwenye mashada tuliite lili tu, limekuja na jina lake.

Kile kitunguu cha kwenye ndoo nilikiacha mpaka kikakauka. Juzi nimekikung'uta kwenye karatasi, kimetoa mbegu kama kijiko kimoja cha chai, nyeusi tii. Shangazi yule wa harusini, ambaye tulishapatana na saivi ananiletea wateja, akaniuliza hizo ni mbegu za ua gani. Nikamwambia kitunguu. Akasema, "Si ulisema kitunguu ni lili?" Nilimwambia hivyo kweli, kama miaka 10 iliyopita.